Maumivu ya viungo na misuli ukiwa kwenye dawa za kulainisha damu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa watu wa Mwanza, visiwani na kando ya ziwa wanaotumia warfarini au dawa mpya kama rivaroksabani, apiksabani na dabigatrani, huku magoti, mgongo au mabega hayawapi usingizi. Wengine wana vali ya chuma kwenye moyo, wengine moyo wao unadunda bila mpangilio, wengine damu iliwahi kuganda mguuni au kwenye mapafu. Daktari wako anakujua kuliko ukurasa wowote, kwa hiyo yeye ndiye mwenye neno la mwisho. Kazi yetu hapa ni kukufikisha kwake ukiwa hujameza kitu cha hatari njiani.

Goti linaniuma usiku. Nimeze nini?

Anza na parasetamo. Kwa mtu mzima ni kidonge kimoja au viwili vya miligramu 500, na kati ya dozi na dozi zipite angalau saa nne, bora sita. Kikomo cha saa 24 ni vidonge 8, yaani gramu 4.

Kwa mtumiaji wa warfarini, kikomo hicho si mahali pa kukaa. Kumeza gramu 2 au zaidi kila siku, kwa siku kadhaa mfululizo, kunaweza kuipandisha INR yako (kile kipimo kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda) taratibu bila wewe kuhisi chochote. Meza kiasi kidogo kinachokutosha, kwa siku chache. Ukiona siku ya tatu au ya nne bado unahitaji dozi kamili, wajulishe kliniki wakupime damu mapema badala ya kusubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Ukiwa mwembamba sana, ukiwa na tatizo la ini au ukiwa mnywaji wa pombe, kikomo chako kiko chini zaidi, na daktari ndiye wa kukupangia. Kumbuka pia kwamba dawa nyingi za mafua zina parasetamo ndani yake. Ukimeza zote mbili, umemeza parasetamo mara mbili.

Dawa ya maumivu ya diklofenaki ndiyo inayonisaidia kweli. Kwa nini mnaikataza?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na hasira hiyo inaeleweka: mtu amebeba matenga ya dagaa soko la Mwaloni miaka yote, anajua dawa gani humwezesha kuamka asubuhi. Lakini tazama kinachotokea mwilini.

Mshipa ukipata tundu, mwili huuziba kwa hatua mbili. Kwanza chembe sahani za damu hukimbilia pale na kushikana. Kisha protini za kugandisha damu hufunika juu na kukaza. Fundi wa mitumbwi hufanya hivyohivyo: husokomeza pamba kwenye ufa, halafu hupaka lami. Warfarini hupunguza lami, kwa sababu huzuia vitamini K isitumike kutengeneza zile protini. Diklofenaki na ndugu zake wanaondoa pamba, kwa sababu huzilegeza chembe sahani. Zaidi ya hapo, dawa hizohizo huchubua ukuta wa tumbo, yaani zinatoboa palepale ambapo huna tena cha kuzibia.

Ndiyo maana kupimwa INR na kuambiwa “iko sawa” hakukulindi. INR hupima lami tu. Unaweza kuwa na 2.5 safi kabisa na bado ukatapika damu usiku kwa sababu ya vidonge vya maumivu.

Utafiti mkubwa wa Denmark uliochapishwa mwaka 2024 uliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 50,000 waliokuwa wanatumia dawa za kulainisha damu kwa sababu ya damu kuganda kwenye mishipa. Waliochanganya na dawa za kundi la diklofenaki walipata kuvuja damu kwa kiwango kama mara mbili ya wasiochanganya. Katika utafiti huo, ibuprofeni ilionekana na hatari ndogo kuliko diklofenaki, na naproksini ilikuwa juu zaidi, lakini hakuna hata moja iliyokuwa salama. Wanaotumia dawa mpya zisizohitaji INR nao hawakusalimika, kwa hiyo usidhani onyo hili ni la warfarini pekee.

Na nikimeza pamoja na omeprazoli ya kulinda tumbo?

Inapunguza hatari tumboni. Haifanyi lolote kwa ubongo, figo, utumbo wa chini au goti lenyewe. Wapo wagonjwa ambao daktari wa moyo huwaandikia mchanganyiko wa aina hiyo kwa sababu maalumu, kwa muda mfupi na kwa uangalizi. Huo ni uamuzi wake, usijipangie.

Nitajuaje dukani kwamba nimepewa kile nilichokatazwa?

Kwenye boksi majina huandikwa kwa Kiingereza. Yatazame vizuri: Diclofenac, Ibuprofen, Naproxen, Piroxicam, Meloxicam, Indomethacin, Ketoprofen, Aceclofenac. Celecoxib na Etoricoxib zina afadhali kidogo kwa chembe sahani, lakini bado huongeza hatari ya kuvuja damu. Asprini nayo imo, isipokuwa kama daktari wa moyo amekuandikia ile ya dozi ndogo kwa makusudi.

Mtego mkubwa ni vidonge vya mchanganyiko. Kuna vinavyouzwa sana ambavyo ndani yake mna diklofenaki pamoja na parasetamo, na mtu huondoka akiamini amenunua parasetamo “yenye nguvu”. Kuna vya kichwa vyenye asprini ndani. Na kuna vile vidonge vinavyotolewa viwili viwili kutoka kwenye kopo, vikafungwa kwenye kikaratasi bila jina. Hivyo virudishe. Omba upewe vikiwa kwenye karatasi yake yenye jina, hata kama unanunua vinne tu.

Kwenye duka la dawa muhimu, kabla hujataja maumivu, sema kwanza: “Natumia warfarini, nahitaji dawa ya maumivu isiyo na diklofenaki wala asprini.” Wengi humlaumu muuzaji bure. Ukimwambia “nipe ya mgongo” atakupa ya mgongo, hana namna ya kuiona vali yako kupitia shati.

Mtaani kwetu ukiumwa mgongo unachomwa sindano. Naweza?

Hapana. Sindano ya maumivu inayochomwa takoni mara nyingi ni diklofenaki ileile, na hapo una hatari mbili. Ya kwanza tumeshaieleza. Ya pili ni sindano yenyewe: inaingia ndani ya msuli, inaweza kutoboa mshipa mdogo, na damu ikakusanyika humo hadi tako au paja lote likavimba na kuwa gumu. Anayekwambia “sindano haipiti tumboni kwa hiyo haina madhara” amekosea. Dawa ikishafika kwenye damu hufanya kazi ileile, iwe imeingilia mdomoni au takoni.

Hapa kuna jambo moja la kutofautisha, na tunaliweka wazi kwa sababu limewachanganya wengi. Vijana wenye ugonjwa wa vali uliotokana na homa ya baridi yabisi huchomwa penisilini ya benzathini kila baada ya wiki tatu au nne. Hiyo nayo ni sindano ya msulini, lakini inazuia ugonjwa usirudi kuiharibu vali zaidi. Usiiache kwa sababu umesoma hapa kwamba sindano ni hatari. Mwambie muuguzi kila mara kwamba unatumia warfarini, aone INR yako ya karibuni, na baada ya kuchomwa pakandamizwe kwa dakika kadhaa bila kusugua. INR ikiwa juu mno, au hali ya moyo wako ikihitaji, daktari anaweza kukubadilishia vidonge. Ila abadilishe yeye.

Dawa za kuchua je? Zile za kupaka zinazounguza?

Jeli ya diklofenaki inayopakwa juu ya goti huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo sana ukilinganisha na kidonge, na madaktari wengi huiruhusu kwa eneo dogo na siku chache. Uliza kwanza, kisha ukubaliwe ndipo upake.

Wengi hawaijui hatari ya dawa za kuchua zenye harufu kali. Soma maandishi ya nyuma. Ukiona Methyl Salicylate, ujue hiyo ni jamaa wa karibu wa asprini na inapenya kwenye ngozi. Wapo wagonjwa wa warfarini ambao INR yao ilipanda kwa kujipaka dawa hiyo kila siku sehemu kubwa ya mwili, yaani mgongo mzima na miguu yote miwili. Zenye mentholi na kafuri tu hazina shida hiyo, ila mentholi isipakwe kwenye kidonda, na usifunike na kitambaa cha moto juu yake.

Kuna bibi anayejua kuchua viungo. Na kupiga chuku?

Kupaka mafuta na kupitisha mkono taratibu, sawa. Kukandwa kwa viwiko, kukanyagwa mgongo, kuvutwa shingo mpaka ilie, hapana. Msuli uliokandwa hivyo huvuja damu ndani, na wewe utaona michubuko kesho yake ukidhani “uchafu umetoka”.

Chuku, hijama na chale ni marufuku kwako. Zote zinakata ngozi makusudi, na damu yako haitasimama kwa wakati. Ikiwa wazee wa nyumbani wanasisitiza, waeleze kwamba daktari amekataza wembe, kwa heshima, na mtu mzima mmoja wa familia awe upande wako. Mara nyingi mzozo huu huisha kwa shangazi mmoja mwenye sauti kuliko kwa maelezo yote ya hospitali.

Tangawizi, manjano, kitunguu saumu, mlonge?

Kwenye chakula na chai kwa kiasi cha kawaida, endelea. Shida ni unga unaokunywa vijiko kwa vijiko asubuhi na jioni kama tiba. Manjano, tangawizi na kitunguu saumu kwa wingi vinaweza kuongeza kuvuja damu. Unga wa majani ya mlonge una vitamini K nyingi na unaweza kufanya kinyume, yaani kuipunguzia warfarini nguvu hadi damu ikaganda kwenye vali.

Kuhusu zile chupa na vidonge vya “dawa asilia ya viungo” vinavyotangazwa kwa spika stendi na sokoni, chukua tahadhari kubwa. Katika nchi mbalimbali, dawa za namna hiyo zimewahi kupimwa na kukutwa zimetiwa diklofenaki au deksamethasoni kimyakimya. Dawa ya mitishamba inayomaliza maumivu ya miaka mitano ndani ya nusu saa inapaswa kukutia wasiwasi, si furaha.

Parasetamo haitoshi kabisa. Kuna ngazi nyingine?

Ipo, na inapitia kwa daktari. Tramadoli hutumika, lakini inaweza kupandisha INR, hutia kizunguzungu, na mtu wa dawa hizi akianguka ana kesi kubwa. Sindano ya steroidi ndani ya goti hufanywa na mtaalamu, na kwa mgonjwa ambaye INR yake iko ndani ya kiwango kwa kawaida hakuna haja ya kusimamisha warfarini. Prednisoloni ya kumeza kwa siku chache hutumika pia, hasa kwa jongo (gauti), ila INR ifuatiliwe.

Labda hizi dawa zenyewe ndizo zinazonipa maumivu?

Warfarini kuumiza viungo ni jambo la nadra. Angalia wenzake kwenye mfuko wako wa dawa. Atorvastatini ya kushusha mafuta inaweza kuleta maumivu ya misuli, mara nyingi mapajani na mabegani pande zote mbili. Ukiona na mkojo umekuwa wa rangi nzito ya kahawia, nenda hospitali siku hiyohiyo. Furosemidi, ile ya kukojoza, hupunguza potasiamu na kuleta mikakamao ya misuli usiku.

Furosemidi pia huzuia asidi ya yuriki isitoke, na hapo ndipo jongo huingia. Jongo la kwanza hupenda kidole gumba cha mguu: kinawaka, hata shuka huliwezi. Mtu wa kando ya ziwa anayetumia furosemidi, anayekula dagaa kila siku na kushushia bia jioni amejikusanyia sababu tatu kwa mpigo. Usikimbilie indomethasini ambayo wenzako hupewa. Daktari ana kolchisini kwa dozi ndogo, na baadaye anaweza kukupa alopurinoli, nazo zote anatakiwa azipange akijua uko kwenye warfarini.

Kijana mwenye ugonjwa wa vali ambaye viungo vyake vinavimba kwa zamu, leo goti, keshokutwa kifundo, pamoja na homa, huenda homa ya baridi yabisi imerudi. Huyo asitibiwe nyumbani.

Nina homa na viungo vyote vinauma.

Pima malaria kwanza. Kanda ya Ziwa huwezi kuacha hilo. Meza parasetamo wakati unasubiri majibu. Mwenye vali ya chuma akiwa na homa isiyoeleweka anapaswa kuonwa na daktari hata malaria ikiwa hasi, kwa sababu maambukizi yanaweza kukaa kwenye vali. Na ukipewa antibayotiki au dawa ya fangasi, taja warfarini kabla hujalipia: Septrin, metronidazoli na flukonazoli hupandisha INR kwa nguvu, na rifampisini ya kifua kikuu huishusha vilevile kwa nguvu.

Ni maumivu gani hayasubiri asubuhi?

Goti, kiwiko au kifundo kilichovimba ndani ya saa chache, cha moto, hakikunjiki, uwe umejigonga au hukujigonga. Hiyo inaweza kuwa damu ndani ya kiungo, na kila saa inayopita huharibu gegedu.

Maumivu ya kinena au nyonga upande mmoja, ukiwa huwezi kuunyoosha mguu na paja linakufa ganzi. Kuna msuli mkubwa wa ndani unaopita hapo, ukijaa damu huwezi kuiona kwa nje.

Mgongo ulioanza kuuma ghafla, pamoja na miguu kulegea au kushindwa kuzuia mkojo. Kigimbi cha mguu mmoja kilichovimba na kuuma. Na kugonga kichwa, hata kama unaongea vizuri na unacheka. Ukianguka na bodaboda kwenye mteremko wa Bugarika na kichwa kikagonga mwamba, nenda hospitali ya Sekou Toure au Bugando, usilale kwanza “uone itakuwaje”. Beba kadi yako ya INR.

Choo cheusi kinachonata, matapishi ya rangi ya kahawa na damu ya fizi isiyokoma vinaingia humohumo.

Mkojo wangu umekuwa mwekundu, lakini huku kwetu kichocho ni kawaida.

Ni kweli ziwa letu lina kichocho, na watu wamezoea kukizungumzia kirahisi. Ila mkojo wenye damu kwa anayetumia warfarini hupimwa INR siku hiyo. Kichocho kinaweza kuwepo na INR ikawa juu vilevile. Isitoshe, kichocho kinachotawala kando ya ziwa hili mara nyingi ni kile cha tumbo, si cha kibofu. Pima vyote viwili.

Bila dawa, nifanye nini?

Mambo mengi, na hapa ndipo wagonjwa wengi hupuuza kwa kuwa hakuna kidonge cha kushika mkononi.

Kiungo kilichokakamaa asubuhi hupenda joto: kitambaa kilichochovywa maji ya moto na kukamuliwa, au chupa iliyofungwa khanga, dakika 15 hadi 20. Kilichoteguka leo hupenda baridi. Barafu hapa Mwanza si tatizo, penye samaki pana barafu, ila iweke ndani ya mfuko safi na uizungushie kitambaa. Kiungo kilichovimba ghafla usikikande kwa maji ya moto.

Kwa goti, imarisha msuli wa mbele wa paja. Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja mpaka unyooke kabisa, hesabu polepole hadi tano, shusha. Rudia mara kumi kila mguu, mara mbili kwa siku. Baada ya wiki chache kupanda ngazi za mawe kwenda nyumbani kutaanza kuwa rahisi. Uzito nao una hesabu yake: kwa mwenye goti lililolika, kila kilo moja unayopunguza huliondolea goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua.

Kazi yenyewe iangaliwe. Mama anayeanika dagaa ameinama tangu asubuhi atapata nafuu zaidi akianika kwenye chanja iliyoinuliwa kuliko kwa kidonge chochote, na dagaa wake watakuwa wasafi na bei nzuri. Mvuvi anayevuta nyavu abadilishane upande na mwenzake. Mzigo wa kichwani ugawanywe safari mbili. Fimbo ya kutembelea shikia mkono ulio kinyume na goti bovu.

Matembele na nsansa (mboga za majani zilizokaushwa) niache?

Usiache, ingawa mboga za majani zina vitamini K. Kula kwa kiasi kinachofanana wiki hadi wiki. INR huvurugwa na mabadiliko: mwezi mzima ugali na sato, kisha mwezi wa kisamvu na mchicha kila mlo.

Niko Ukerewe, kupima INR ni safari ya meli. Nikiumwa katikati?

Weka namba ya simu ya kliniki kwenye simu yako na ya mtu mwingine nyumbani. Nunua parasetamo ukiwa mjini uwe nayo, ili usiku wa maumivu usikukute mlangoni kwa jirani unaomba “chochote ulicho nacho”. Ukiandikiwa dawa yoyote mpya, uliza palepale: “Nirudi kupima INR lini?” Jibu likiwa siku chache zijazo, angalia kama kituo cha afya au hospitali ya wilaya inaweza kuchukua damu.

Nimeshameza diklofenaki jana kabla sijasoma haya. Sasa?

Usimeze nyingine. Endelea na warfarini kama kawaida. Usiruke dozi wala usipunguze kwa kudhani unasawazisha, maana mwenye vali akiruka anafungua mlango wa damu kuganda. Dozi moja au mbili kwa watu wengi hupita bila tukio. Tazama choo na mkojo wako kwa siku chache, na ukiona weusi, wekundu au kizunguzungu usichokuwa nacho, nenda hospitali. Ukiwa umemeza kwa siku kadhaa, piga simu kliniki leo hata kama hujisikii vibaya, wakupangie siku ya kupimwa INR na wingi wa damu. Ile karatasi ya vidonge usiitupe, nenda nayo.